Kungoja Si Subira



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), wiki hii tunaomba ruhusa ya wasomaji wetu tuanze kwa kukiri kosa. Mwenye kufundisha watu naye hukosea, na kosa letu hili lilimfika mama wa watu.

Yapata miaka miwili sasa, baada ya darasa la Alasiri la kina mama, alibaki nyuma mama mmoja wa makamo pamoja na binti yake. Alikuwa na swali la Swala. Kwa miezi minne alikuwa akiswali juu ya kiti kwa sababu ya mgongo, na jirani yake alimwambia kuwa Swala hiyo ina walakini, kwani mtu awezaye kwenda sokoni kwa miguu yake hashindwi kusimama mbele ya Mola wake. "Maalim," alituuliza, "nizilipe zote hizo?"

Tulimjibu upesi, kwa kuwa jambo lenyewe halina utata. Swahaba Imran bin Huswayn (r.a.) alikuwa na maradhi ya bawasiri, akamuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu Swala yake, naye akamwelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza aswali kwa kukaa, na asipoweza aswali kwa kulala ubavu. Mama huyu alikuwa na udhuru ulio wazi. Tulimwambia hana cha kulipa. Alishusha pumzi, kisha akaongeza maneno ambayo sisi hatukuyapa uzito wake: kwamba maumivu yale yana mwaka wa pili, kwamba usiku halali, na kwamba ameandikiwa barua ya rufaa kwenda kumwona daktari bingwa lakini siku aliyopangiwa ingali mbali.

Hapo ndipo tulipokosea. Tulimhimiza asubiri. Tulimkumbusha malipo ya mgonjwa, kwamba hata mwiba unaomchoma Muislamu humfutia makosa yake. Tukamsomea, tukamwandikia kombe la siku saba, tukamwombea dua, naye akaenda zake. Kila tulichomwambia kilikuwa cha kweli. Ila hatukumuuliza hata neno moja kuhusu siku hiyo ya daktari: ni lini, na mpaka ifike anaishi vipi?

Jibu tulilipata baada ya miezi saba, kwa kinywa cha binti yake. Mama amelazwa, anatapika damu. Muda ule wote wa kungoja alikuwa akinunua vidonge vya maumivu katika duka la dawa la mtaani, kwanza kimoja usiku, kisha viwili, kisha asubuhi na usiku, mara nyingine kabla hajatia kitu tumboni, mpaka tumbo likafanya kidonda. Barua ya rufaa ilikuwa bado chini ya godoro, ndani ya bahasha yake. Siku ya kwanza aliyopangiwa alikwenda, akaambiwa daktari hayupo, akapewa siku nyingine miezi minne mbele. Hakumwambia mtu. Alipoulizwa na mwanawe kwa nini amenyamaza, alisema: "Si niliambiwa nisubiri?"

Neno hilo lilituchoma, kwa maana aliyemwambia ni sisi.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukilitafakari neno hili kusubiri. Wazee wetu walitofautisha. Kungoja kulikuwa kungoja: mtu hungoja mashua, hungoja maji yajae, hungoja mgeni afike. Kusubiri ni kuwa na subira, na subira ni kazi ya moyo, ni kuizuia nafsi isimkasirikie Mola wake na ulimi usitoke nje ya mipaka. Siku hizi tumeyachanganya. Tunamwambia aliye katika foleni "subiri hapo", na taratibu tumekuja kudhani kwamba kila aliye katika foleni yumo katika ibada, na kwamba anayeuliza foleni inakwenda lini ana upungufu wa imani.

Tumtazame Nabii Ayyub (a.s.), ambaye jina lake halitengani na subira. Yeye mwenyewe alimwita Mola wake na kumweleza kwamba dhara limempata. Na shifa yake ilipokuja haikumkuta amelala tu: aliamrishwa aipige ardhi kwa mguu wake, yakatoka maji ya kuogea na ya kunywa. Yaani hata Nabii aliyeponywa kwa muujiza alipewa tendo la kufanya. Nabii Yaakub (a.s.) aliipeleka huzuni yake kwa Mwenyezi Mungu, wala hakuificha. Na Bibi Aisha (r.a.) alipolalamika kichwa kinamuuma, Mtume (S.A.W.) hakumkaripia, naye alitaja maumivu ya kichwa chake mwenyewe. Mtume huyo huyo ndiye aliyewaamrisha watu wajitibu na kuwafahamisha kwamba hakuna maradhi yaliyoteremshwa bila dawa yake. Basi sisi tumepata wapi kumwambia mama anyamaze?

Sasa tuwageukie matabibu, maana wao wamelichunguza jambo hili kwa njia yao. Maumivu yanayoendelea au kurudi kwa zaidi ya miezi 3 wao huyaita maumivu sugu, na Shirika la Afya Duniani lilipoanza kuitumia orodha yake mpya ya maradhi mnamo Januari 2022, maumivu haya yalipewa nafasi yake yenyewe ndani ya orodha hiyo. Maana yake ni kuwa si lazima daima yawe mkia wa ugonjwa mwingine. Huweza kuwa ndiyo ugonjwa wenyewe. Uchungu wa kidole kilichokatwa ni mjumbe: hubisha hodi, hutoa habari, jeraha likipona huondoka. Maumivu sugu ni mjumbe aliyekwisha kutoa habari zake akakataa kuondoka mlangoni. Kila anapobisha, mishipa ya fahamu huzidi kuwa myepesi wa kushtuka, hata jambo dogo, kama kuinama kuokota ufagio, likapokewa mwilini kama pigo kubwa. Hii ndiyo sababu mgonjwa huweza kupigwa picha ya mgongo ikatoka haina kasoro kubwa, naye bado anaumia kweli kweli. Hasemi uongo, wala hana "mambo yake".

Kwa hiyo muda wa kungoja si muda mtupu. Mwaka 2008 watafiti wa Kanada, akiwamo Daktari Mary Lynch wa mji wa Halifax, walizikusanya na kuzipima pamoja tafiti zilizofanywa juu ya watu wanaongojea matibabu ya maumivu sugu. Waliona kwamba ndani ya miezi 6 tangu mgonjwa aandikiwe rufaa, maisha yake ya kila siku na hali ya nafsi yake huporomoka, wakasema kuwa kumngojesha mgonjwa wa namna hii miezi 6 au zaidi hakukubaliki kitabibu. Katika baadhi ya tafiti hizo, kudhoofika kulionekana hata kwa waliongoja wiki 5 tu. Mwaka 2010 ilichapishwa tafiti nyingine ya huko huko, iliyowachunguza wagonjwa 728 waliokuwa katika orodha za kungoja za kliniki za maumivu. Karibu thuluthi mbili walikuwa na maumivu makali yanayowazuilia shughuli zao. Nusu yao walikuwa katika sonona nzito, yaani ile huzuni ya maradhi inayomfunika mtu asione raha ya kitu. Na zaidi ya thuluthi moja walikiri kupitiwa na fikra za kujitoa uhai.

Tunaomba msomaji asimame kidogo kwenye hesabu hiyo ya mwisho. Kanada ni nchi tajiri, na huko mtu hatolewi hospitali kwa kukosa pesa za kumwona daktari. Ikiwa hao, pamoja na neema yote hiyo, kungoja kumewafikisha hapo, tusijidanganye kwamba wetu wamesalimika kwa kuwa tu hawasemi. Mgonjwa wetu anaona haya kulitaja jambo kama hilo kwa kuwa analijua ni haramu. Akilitaja, wa kwanza kumsikia asimhukumu. Akae naye, asimwache peke yake, na amfikishe hospitali siku hiyo hiyo. Fikra hiyo ni dalili ya ugonjwa uliozidi, kama homa ilivyo dalili, na dalili hutibiwa.

Yanayotokea mwilini katika kungoja wengi wetu tumeyaona bila kuyaunganisha. Mgonjwa anaogopa kuinama, basi hainami. Misuli isiyotumika inalegea. Misuli ikilegea mgongo au goti linazidi kuelemewa, na maumivu yanaongezeka. Anaacha kutembea, anaongezeka uzito, na mwenye presha au sukari vinampanda. Usingizi unakatika, na mwili usiolala huhisi uchungu zaidi kesho yake. Kila siku duara hili linapozunguka, kazi ya daktari atakayemwona mwisho wa foleni inakuwa ngumu zaidi.

Yanayotokea nyumbani ndiyo hatuyasemi kabisa. Mama yule alikuwa akipika mahamri ya kuuza alfajiri. Aliacha, na karo ya mtoto ikategemea mfuko mmoja. Alishindwa kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi. Anayezijua nyumba zetu anajua kwamba kuwa mke jikoni ukashindwa kukaa kwenye mbuzi si jambo dogo. Mavyaa alianza kusema wali wa siku hizi hauna tui. Penye harusi na matanga mkono wake haukuonekana, na wenzake wakasema ameingia kiburi. Mume, ambaye si mtu mbaya, alichoka kusikia, akawa akirudi nyumbani baada ya Isha watu wamelala. Mgonjwa akabaki na watu wawili tu wa kumsikiliza: kijana wa duka la dawa na mto wake wa usiku.

Kuhusu duka la dawa tutasema kidogo, kwa sababu hapo ndipo madhara makubwa yanapofanyika kimya kimya. Vidonge kama diklofenaki na ibuprofeni ni dawa nzuri kwa siku chache na kwa anayefaa kuvinywa. Vikinywewa kila siku kwa miezi bila usimamizi vinaweza kulichubua tumbo mpaka likatoka damu, vinaweza kuziharibu figo, na vinapandisha shinikizo la damu; na wenye umri mkubwa, presha, au maradhi ya figo wamo hatarini zaidi. Tramadoli nayo ni ya jamii ya afyuni: daktari huweza kuitoa kwa hesabu, lakini anayejipimia mwenyewe huweza kufika mahali asipoiweza kuiacha. Watu wa Pwani hatuhitaji kuelezwa uraibu ni nini. Na zile dawa za unga zisizo na jina, zinazosifiwa kuwa "zinakata maumivu siku hiyo hiyo", mtu ajiulize kimetiwa nini ndani hata zikate kwa kasi hiyo.

Ipo aina nyingine ya kungoja, nayo huanza kabla hata barua ya rufaa haijaandikwa. Tunakusudia maumivu ya kina dada ambayo sisi huyaita chango. Binti anajikunja kila mwezi, anakosa shule siku mbili au tatu, anatapika, na anaambiwa ni chango, kila mwanamke analo, akiolewa litapoa, akizaa litakwisha. Anachemshiwa mizizi. Mara nyingi huwa ni maumivu ya kawaida ya hedhi na hupungua. Lakini si kila mara. Upo ugonjwa uitwao endometriosisi, ambapo nyama inayofanana na ile ya ndani ya mji wa mimba huota nje ya mji wa mimba, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa humpata mwanamke mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa. Wengi wao hukaa miaka kadhaa kabla ya ugonjwa wao kujulikana, na baadhi yao huutambua pale tu wanapotafuta mtoto wasimpate. Msichana huyo hakungoja daktari. Alitungoja sisi tumwamini.

Vitabu vya fiqhi tulivyovisoma madrasani vina milango mirefu juu ya hedhi. Wanazuoni, wanaume wenye ndevu zao, wamechambua siku zake, rangi yake, mwanzo wake na mwisho wake, wala hawakuona haya kwa sababu Swala ya watu ilikuwa inategemea hilo. Tukiweza kumuuliza mwanamke damu yake ni ya siku ngapi ili tujue hukumu, hatushindwi kumuuliza kama inamuuma kiasi gani. Mama ambaye binti yake anashindwa kusimama kila mwezi, ambaye damu yake inatoka kwa wingi usio wa kawaida, au anayeumia hata katika siku zisizo za hedhi, na ampeleke hospitali. Na mke anayeumia katika faragha ya ndoa asibebeshwe lawama kwamba hampendi mumewe. Huyo naye anahitaji tabibu.

Tukirudi kwenye foleni yenyewe, tuwe waadilifu. Madaktari bingwa wa maumivu katika nchi yetu ni wachache, na wengi wao wako Nairobi. Muuguzi wa dirishani anayekuandikia tarehe ya mbali si yeye aliyeifanya iwe mbali. Mgonjwa wa Lamu avuke kwa mashua mpaka Mokowe, kisha apande basi kupitia Witu, Garsen na Malindi mpaka Mombasa, siku nzima ya mtikisiko juu ya mgongo ambao ndio unaokwenda kutibiwa. Mgonjwa wa Kwale asimame katika kivuko cha Likoni amebanwa na watu na mizigo. Akifika akakuta daktari ameitwa kwingine, hana nguvu ya kurudi mara ya pili. Haya ni mambo ya kuwaambia wawakilishi wetu wa kaunti, na yapaswa kusemwa kwa sauti, kwa kuwa afya ni katika kazi walizokabidhiwa kaunti. Kina mama wanaojua kujipanga kwa ajili ya Maulidi hawashindwi kujipanga kwenda kumuuliza mwakilishi wa wadi lini atapatikana mtaalamu wa kuwafikia walau mara moja kwa mwezi.

Lakini ndani ya foleni hiyo hiyo yapo yaliyo mikononi mwetu. La kwanza hasa ni swali lile tulilolisahau sisi. Siku mgonjwa anapoandikiwa rufaa, asitoke chumbani mpaka ameuliza: "Nifanye nini mpaka siku hiyo ifike, na nikizidiwa nirudi wapi?" Daktari wa kawaida anaweza kuanza mengi: dawa inayofaa kwa mtu huyo na kwa muda maalumu, dawa za kulinda tumbo ikibidi, na kumpeleka idara ya mazoezi ya viungo, ambayo imo katika hospitali nyingi za kaunti. Mazoezi hayo, yakifundishwa na mjuzi na kufanywa taratibu kila siku, ndiyo yanayolikata lile duara la kuogopa na kulegea. Wengi huyadharau kwa kuwa hayana sindano.

Aende na mtu. Mgonjwa aliyechoka husahau nusu ya aliyotaka kusema, na nusu ya aliyoambiwa. Binti mwenye daftari awe anaandika siku ambazo mama ameumia zaidi, amelala saa ngapi, amekunywa dawa gani na ngapi. Daftari hilo humsaidia daktari kuliko hadithi ndefu. Simu ipigwe siku mbili kabla ya safari kuhakikisha daktari yupo. Na suala la malipo litazamwe mapema: tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF, na tumewaona watu waliogundua dirishani, siku waliyoingoja nusu mwaka, kwamba familia haijasajiliwa au michango haijalipwa. Hiyo ni kazi ya mume, naye asiiache mpaka siku hiyo.

Kuna mgonjwa ambaye hapaswi kungoja kabisa. Mwenye mgongo unaouma ambaye ameanza kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, au kushindwa kuzuia choo, au anahisi ganzi baina ya mapaja, au mguu unamlegea, huyo hupelekwa hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane, kwani akicheleweshwa anaweza kupooza. Vivyo hivyo mwenye maumivu pamoja na homa, au anayepungua uzito bila sababu, au aliyewahi kuwa na saratani, huyo asikae na tarehe yake ya mbali, arudi aseme. Na mwenye maumivu ya saratani afahamu kwamba hospice haikuwekwa kwa ajili ya wanaokata roho peke yao. Kazi yao kubwa ni kutuliza maumivu, na ipo hospice Mombasa.

Katika ibada, mgonjwa asijiongezee mzigo aliotuliwa. Aswali kwa kukaa bila dukuduku. Kukusanya Swala mbili kwa ajili ya ugonjwa kuna hitilafu katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, na Imamu Nawawi ni miongoni mwa walioupa nguvu wasaa huo. Mwenye shida amwendee mwanachuoni wake amweleze hali yake. Mwezi wa Ramadhani, asiyeweza kufunga kwa maradhi yanayotarajiwa kupona atalipa siku zake akipona, na mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupona atatoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Kuacha dawa ili ufunge, na daktari amekukataza, hakuitwi uchamungu. Dua na kisomo viendelee, nasi bado tunasoma na tunaandika kombe kwa anayeomba. Lililobadilika ni kwamba sasa tunamuuliza kwanza ana tarehe gani ya kliniki, na tunaiandika katika daftari letu, na siku ikipita tunamtafuta kwa simu. Mwanzoni baadhi ya watu walidhani maalim amefungua zahanati.

Mama yule alimwona daktari mwishowe, mwaka mmoja na miezi mitatu tangu aandikiwe barua. Aliambiwa kwamba angefika mapema kazi ingekuwa nyepesi. Hakufanyiwa upasuaji. Alibadilishiwa dawa, akapewa ya kumsaidia usingizi, akaandikiwa mazoezi ambayo anayafanya juu ya mkeka baada ya Swala ya Alfajiri, mjukuu wake akimwigiza pembeni. Bado anaumwa baadhi ya siku, hasa msimu wa kusi. Mahamri ameyarudia, lakini kwa siku tatu za wiki tu. Mbuzi ya nazi imeinuliwa juu ya meza, fundi akaifunga kwa misumari, naye hukuna akiwa amesimama. Mavyaa alicheka alipoiona, kisha naye akaijaribu kwa ajili ya magoti yake.

Darasani bado anakaa juu ya kiti. Wiki iliyopita aliletwa mama mwingine, mgeni, akasita mlangoni kwa kuona haya ya kuomba kiti mbele ya watu, na yeye ndiye aliyenyanyuka akampa chake, akatuma mtoto alete kingine.

Wiki ijayo, inshaallah, tutarejea kwenye maswali ya mirathi tuliyowaahidi.

Wabillahi tawfiq.